Bata wa Gogo Noreen

Doornfontein, Johannesburg
Jumapili, tarehe 7 Desemba

Dada yangu mpenzi Saida,

Assalaam aleykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Baba Zuena na watoto na mama mkwe wako, na mvua za huko kwetu Buyenzi ziwe hazijaingia ndani kama zilivyoingia mwaka jana. Goti lako linaendeleaje? Zuena aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unaswali umekaa kwenye kiti. Usilipuuze, nenda ukaonwe. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nimechoka, dada. Si uchovu wa kulala ukaamka umeisha. Nikiamka nao upo, umekaa pembeni ya kitanda unanisubiri nivae viatu.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Lakini unajua simu ya nyumbani ilivyo. Inawekwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, huyu anauliza hili na yule anasalimia, na mimi niliyejiandaa kusema neno moja najikuta nimeuliza bei ya samaki wa mukeke na nimekata. Nimefanya hivyo mara nne tangu Oktoba. Ndiyo maana nimeandika. Barua nampa Biubwa, yule mama wa Kigoma anayeuza vitenge kwenye jengo letu. Anaondoka Jumatano kwa basi, na ameniahidi kuivusha mpaka mkononi mwako.

Habari yenyewe inamhusu Swedi, mdogo wake Baba Zuena. Najua mlichosikia huko. Nataka nikusimulie tangu mwanzo, hata kama mwanzo wenyewe utauona ni mambo ya ndege tu.

Mwaka wa tatu huu natunza bustani kwenye nyumba moja ya wazee kule Kensington. Wazee ni thelathini na kitu, wengi wao watoto wako Cape Town, Australia, na kwingine mbali. Msimamizi wetu anaitwa Steve, mtu wa haki lakini wa haraka, maneno mawili matatu ameshafika kwenye hukumu. Mimi ndiye niliyemwombea Swedi kazi pale. Nilimwambia Steve kwamba huyu ni ndugu yangu, kaka yake amemwoa dada yangu, nyumbani tunakula sahani moja. Akamchukua awe mlinzi wa zamu ya jioni hadi asubuhi. Mimi nikitoka saa kumi na moja, yeye anaingia.

Chini ya bustani kuna bwawa. Zamani palikuwa shimo la kuchimbia mawe, sasa maji yamejaa, na kando yake kuna miti mikubwa iliyoinamia maji. Kwenye bwawa hilo kuna bata wa mama mmoja tunayemwita Gogo Noreen. Gogo ni bibi kwa Kizulu, na pale kila mtu humwita hivyo, hata Steve. Ana miaka themanini na sita. Yeye na marehemu mume wake walifuga ndege maisha yao yote, na alipohamia kwa wazee alikubali kuacha nyumba, gari na mbwa, lakini jozi tatu za bata alikataa kuziacha. Akaja nazo.

Si bata kama wetu. Ni wadogo, na dume lake ukiliona utadhani limechorwa na mtoto aliyepewa rangi zote asijue ya kuacha: kichwa kijani, jicho jekundu, mistari myeupe shingoni. Wazungu huwaita bata wa miti, kwa sababu hawatagi chini kwenye majani. Wanataga ndani ya tundu la mti, juu, na pasipo na tundu unawatengenezea kisanduku cha mbao chenye mlango wa duara. Vifaranga wakianguliwa hukaa humo siku moja tu. Kesho yake mama anashuka majini, anawaita, nao wanajirusha mmoja mmoja kutoka juu, bila mabawa, wanadunda juu ya maji kama vitonge vya pamba. Mimi sikuwa nimeliona jambo hilo. Gogo Noreen alinisimulia mara nyingi mpaka nikawa nalingoja kama mtoto anavyongoja Idi.

Mwaka jana tulivifunga visanduku vyake vitatu kwenye miti, kama alivyofanya mume wake huko shambani kwao. Hatukupata kifaranga hata mmoja. Asubuhi moja tulikuta maganda chini ya mti wa kwanza, wiki iliyofuata mti wa pili, kisha wa tatu. Kwanza tulisingizia paka wa mtaani, halafu kunguru. Mwisho Swedi alimwona mwenyewe akishuka mtini: kanu, mnyama mwembamba kama paka aliyevutwa mkia, mwili wa madoadoa, mkia wa pete. Mjini hapa wapo, wanaishi kwenye mapaa ya watu. Gogo Noreen hakulia. Alikaa dirishani kwake, maana chumba chake kinatazama bwawa, akaniambia kwamba kosa si la kanu. Kanu ana watoto wake. Kosa ni letu tuliompa ngazi.

Mwezi wa saba, baridi ya hapa unaisikia kwenye mifupa, Swedi na mimi tuliingia majini mpaka kiunoni. Tulisimamisha mabomba matatu ya chuma ndani ya bwawa, mbali na matawi, tukavifunga visanduku juu yake. Chini ya kila kisanduku tuliweka kofia ya bati, pana kama mwavuli, ili mnyama akipanda bomba afike hapo akwame. Kofia hizo alitukatia Ruphin, Mkongomani mwenye karakana hapa Doornfontein, nami nilizibeba begani kwa miguu mpaka Kensington, watu njiani wakiniuliza kama naenda kuezeka nyumba ya sungura. Kuna mfanyakazi alishauri tuyapake mabomba grisi. Gogo Noreen alikataa katakata, akasema grisi ikishika manyoya ya bata, bata huyo hawezi tena kuogelea wala kujipasha joto, na utakuwa umemuua wewe badala ya kanu.

Swedi alifanya kazi ile bila kulipwa hata senti ya ziada, baada ya zamu yake, macho mekundu kwa usingizi. Kila tulipotoka majini meno yakigongana, Gogo Noreen alikuwa ametuagizia chai. Swedi alimfundisha kusema “asante” na “pole”. Yeye alimwita Swedi “bwana bomba”.

Palikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, kila Jumatatu, saa bata anapotoka kwenda kula, tunakagua visanduku: kama kuna nyoka, kama maranda ya ndani yamelowa, mayai ni mangapi. Kisanduku cha karibu na ukingo tulikifikia kwa ubao mrefu, unaulaza kutoka ukingoni mpaka kwenye chuma kilicho juu ya kofia. Ukimaliza, ubao unatolewa na kufungiwa stoo. Kila mara, bila kukosa. Ya pili, bata akishaanza kuatamia, mlinzi asishuke ukingoni na tochi, kwa sababu mwanga unamtoa bata kiotani na mayai yanapoa. Mlinzi atazame kutoka njiani juu, basi. Sheria zote mbili zilitoka kwa Gogo Noreen, na Steve aliziandika akazibandika stoo.

Septemba bata wawili walitaga. Yule wa kisanduku cha karibu alikuwa na mayai kumi na moja. Gogo Noreen alihesabu siku kwa penseli kwenye kalenda. Ilipofika Oktoba, mijakaranda imeanza kuchanua barabarani, zilikuwa zimebaki siku nne.

Jumanne asubuhi nilipofika getini, Swedi alikuwa amesimama bwawani mikono kichwani. Ubao ulikuwa umelazwa kutoka ukingoni mpaka kwenye kisanduku. Juu yake palikuwa na maganda na ute wa mayai, na mlango wa kisanduku umejaa manyoya. Bata jike tulimkuta kwenye majani, kichwa hakipo.

Steve alituita sisi wawili. Aliniuliza kama Jumatatu jioni niliutoa ubao. Nikasema niliutoa nikaufungia stoo. Ufunguo wa stoo tunao watu wawili tu, mimi na mlinzi. Akafungua daftari la zamu, na humo Swedi alikuwa ameandika kwa mkono wake, saa kumi na mbili jioni, kwamba bwawa ni salama. Swedi alisema kweli hakushuka ukingoni, alitazama kutoka juu kama sheria inavyosema, na kwenye kivuli cha miti ubao hauonekani. Steve akamuuliza: sasa ubao uliotoka stoo ulitembea wenyewe? Akasema ndege kama wale wananunuliwa, hata sokoni Fordsburg watu wanauliza bata wa rangi, na mtu aliyelaza ubao ule alitaka kuchukua jike na mayai, akashtuka, akauacha, kanu akamaliza kazi.

Hapo Gogo Noreen akaja na kigari chake cha kutembelea. Hakuna aliyemwita. Akasema yeye aliuona ubao ule Jumatatu kutoka dirishani, jua halijatua, na Swedi alikuwa hajaingia kazini. Alikuwa na hakika. Steve akainama, akamshika mkono, akamwambia kwa upole kwamba labda anachanganya siku, pengine ni ubao wa Jumatatu iliyopita. Usimlaumu sana Steve. Mwezi ule Gogo alikuwa amemwita mara mbili kwa jina la marehemu mume wake, na siku moja alivaa koti akasubiri basi ambalo halipiti tena. Gogo akanigeukia mimi. Akaniuliza: “Mansour, wewe ulikuwepo. Nachanganya siku?”

Nikamjibu: “Labda ulikuwa umechoka, Gogo.”

Swedi alifukuzwa siku hiyo hiyo. Hakupiga kelele. Alikunja koti la kazi, akaliweka juu ya meza ya Steve, akaondoka. Getini aliniangalia, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mengine mnayajua. Habari zilifika Buyenzi kabla hata Swedi hajapata pa kulala, maana watu wetu hapa midomo haina breki. Nilisikia kwamba Baba Zuena alisema hana tena mdogo, kwamba hawezi kusimama gereji mbele ya mafundi wenzake akiwa kaka wa mtu aliyeiba mayai ya bibi mzee. Nilisikia kwamba mama mkwe wako haongei mezani. Na Baba Zuena alipochukua simu akaniambia, “Shemeji, Mungu akulipe, wewe ulimtafutia kazi na yeye amekutia aibu,” nilimjibu kwamba ndiyo maisha. Neno hilo nilitamka mimi, dada. Ndiyo maisha.

Nikurudishe kwa Gogo Noreen. Tangu siku ile alibadilika. Alinunuliwa daftari dogo, akawa anaandika kila kitu: leo Alhamisi, nimekunywa dawa, nimemwona Mansour. Nikipita chini ya dirisha lake aliniita aniulize siku, nikimwambia anatazama daftari kuhakikisha kama mimi na daftari tunakubaliana. Mwanamke aliyekuwa anajua mayai yametagwa saa ngapi akawa haamini kama amekula. Binti yake alikuja kutoka Cape Town. Akaja daktari, akamuuliza maswali, na Gogo kwa kuogopa kukosea akawa anajibu kila swali kwamba hana hakika. Wakaamua kumhamishia jengo la nyuma. Huko ndiko wanakokaa wazee waliopoteza kumbukumbu. Mlango unafunguliwa kwa namba, na madirisha yanatazama ukuta.

Tarehe ishirini na moja Novemba Steve alinituma nikabebe vitu vyake. Nilichukua sanduku la nguo, kiti chake, picha za mume wake. Yeye alikaa kitandani amevaa koti, kama mtu anayesubiri gari. Nilipoinua darubini yake, ile aliyokuwa akitazamia bata, nikamuuliza niipakie wapi. Akaniambia niichukue mimi. Akasema, “Mimi macho yangu yameanza kunidanganya. Yananionyesha vitu ambavyo havikuwepo.”

Niliketi chini, dada. Niliketi sakafuni na darubini mapajani.

Sasa nikueleze Jumatatu ile ilivyokuwa.

Jumapili yake nilikuwa Fordsburg tangu alfajiri, kwenye duka la jumla ambako hupakua mizigo nikipata nafasi. Lori lilileta marobota ya mablanketi, tukashusha mpaka magharibi. Jumatatu mgongo ulikuwa kama umepigwa misumari. Saa kumi na nusu bata alipotoka kwenda kula, nililaza ubao, nikapanda, nikahesabu mayai kumi na moja yenye joto, nikashuka. Kabla sijauvuta ubao, muuguzi akaniita kwa kelele: mzee mmoja ameanguka kwenye korido, na hakuna mwanamume wa kumwinua. Nikakimbia. Tulimwinua, nikamshika mpaka akatulia, nikanawa mikono. Kisha miguu yangu ikaenda getini, si bwawani. Nilikumbuka ubao, wallahi nilikumbuka. Nilikuwa nimeshafika getini, mteremko wa kurudi bwawani nikauona mrefu kama njia ya Hijja. Nikajiambia Swedi anaingia sasa hivi, nitamwomba auvute yeye. Swedi alipokuja aliniuliza kama kila kitu kiko sawa bwawani. Nikaona aibu kumwambia nimeshindwa kutembea hatua mia mbili. Nikasema, “Sharp,” yaani kila kitu sawa, nikaenda zangu.

Hivyo tu. Sikuiba, sikunuia baya. Lakini asubuhi yake Steve aliponiuliza, kabla sijafikiri, mdomo ulishasema niliutoa. Nikaona bado nitapata nafasi ya kusahihisha. Daftari likafunguliwa, nikanyamaza. Gogo Noreen akaja na ukweli mkononi, nami nikaupokonya nikamwambia amechoka. Aliyechoka nilikuwa mimi. Hofu ya kupoteza kazi ilikuwepo, sikatai, na unajua mtu wa kuja hapa akipoteza kazi ni nani atamwajiri tena. Ila hata hiyo si sababu yote. Sababu nyingine ni kwamba kusema ukweli kulikuwa kunataka nguvu, na nguvu sikuwa nazo. Uongo ulikuwa karibu zaidi.

Haya yote nilimwambia Gogo Noreen pale sakafuni, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu: “Ilikuwa Jumatatu?”

“Ilikuwa Jumatatu, Gogo.”

“Na jua lilikuwa bado?”

“Lilikuwa bado.”

Akafumba macho. Machozi yalimtoka, lakini uso ulikuwa kama wa mtu aliyepata mlango gizani. Akafungua vifungo vya koti, akalivua mwenyewe, akalitundika tena kabatini. Kisha akaniambia niende kwa Steve kabla miguu yangu haijabadili mawazo, kwa sababu miguu yangu anaijua sasa. Hakuniambia amenisamehe. Mpaka leo hajaniambia, na sijamwomba.

Steve alisikiliza amesimama. Alipoelewa, alikaa. Akasema, “Eish, Mansour.” Aliniuliza kama ninajua kwamba yeye alimwita mtu asiye na kosa mwizi, mbele ya wafanyakazi wote. Nikasema najua. Akaniambia angeweza kuvumilia ubao, kwa sababu kila mtu anasahau, lakini wiki saba hawezi. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi huu. Nilimwambia ni haki. Siku hiyo hiyo alimpigia simu binti wa Gogo Noreen, na daktari akaja mara ya pili. Safari hii Gogo alijibu maswali. Mengine alikosa, maana uzee upo, lakini hakuhamishwa. Yuko kwenye chumba chake kinachotazama bwawa.

Swedi hakupokea simu ya Steve, kwa hiyo nilimfuata mimi. Alikuwa anasimamia magari ya watu Fordsburg, karibu na soko, na kijaketi cha manjano alichonunua mwenyewe. Nilimkuta mchana amekaa juu ya kreti, anakula mkate na chai. Amekonda. Aliniona nikija, akasogea, akaniachia nafasi kwenye kreti kama vile tumeahidiana. Nikamweleza yote. Aliendelea kutafuna.

Akaniambia alijua. Alijua tangu asubuhi ile aliponiona nafunga kamba ya kiatu kisichokuwa na kamba.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliweka kikombe chini. Akasema: “Ningesema nini? Neno langu na neno lako. Na hata wangeniamini, halafu? Dada yako anapika jikoni kwa mama yangu. Kaka yangu ana hasira unazozijua. Mimi ningekushtaki wewe huku, Saida angelipia kule. Nikaona bora waseme mimi ni mwizi. Mimi niko mbali, sisikii.” Kisha akasema, sauti imeshuka, kwamba alikosea hesabu, kwamba kumbe husikika. Mama yake hajazungumza naye tangu Oktoba. Kila Ijumaa anapiga, na kila Ijumaa simu inalia mpaka inakatika.

Nilitaka kumshika mkono, akaurudisha kwenye kikombe. Akasema hataki niombe radhi tena, ameshasikia. Anataka kitu kimoja, kwamba niandike nyumbani. Nisipige simu, kwa sababu kwenye simu nitazunguka. Niandike kwa mkono wangu, niweke jina langu, barua isomwe mbele ya kaka yake na mama yake.

Wiki hii amerudi kazini. Amekubali kwa masharti yake, mpaka apate pengine, na Steve alimwomba msamaha mbele ya wafanyakazi wale wale. Tunapishana getini saa kumi na moja. Ananisalimia, namwitikia. Zaidi ya hapo bado. Bata wa pili mayai yake yalianguliwa, lakini siku vifaranga walipojirusha ilikuwa katika zile wiki saba, na ingawa nilikuwa nimesimama pale pale ukingoni, siwezi kukusimulia ilivyokuwa. Nilikuwa natazama chini.

Dada, najua ninachokuomba. Usome barua hii kwa sauti, Baba Zuena akiwepo na mama mkwe wako akiwepo. Huenda watakugeuzia wewe uso kwa sababu yangu, na hilo linaniuma kuliko kazi. Kama Baba Zuena atakasirika, mwambie hasira hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ametia sahihi hapo chini. Mwambie pia kwamba mdogo wake aliibeba aibu isiyo yake ili nyumba yenu isivunjike, na kwamba Ijumaa simu ikilia wasiiache.

Tena nakujua. Nilipovunja kioo cha kabati la marehemu baba, wewe ndiye uliyesimama ukasema ni wewe, na fimbo ukapigwa wewe, nami nikiwa chini ya kitanda. Hukunidai hata siku moja. Ukisoma barua hii utatafuta pa kupunguza, utaruka mstari, utasema mdogo wangu alikuwa mgonjwa, alikuwa na shida. Usiruke kitu. Soma kama nilivyoandika, hata pale niliposema ndiyo maisha.

Nisalimie watoto wote, Zuena kwa namna ya pekee, mwambie asome. Nisalimie majirani wa avenyu yetu wanaonikumbuka kwa wema, na wakishasikia haya, wanaotaka kunikumbuka vingine nao wasalimie. Mpe mama mkwe wako heshima zangu, kama atazipokea. Mungu aliponye goti lako, akulinde, na akujaalie moyo mpana kwa mdogo wako.

Wako,
Mansour